Asilimia za makundi mawili zikipishana: namna ya kupima kama tofauti ni ya kweli au ni bahati tu

Kazi yangu ni kupitia sura za matokeo za tasnifu kabla hazijafika kwa wasahihishaji. Ni ile sura yenye majedwali, ambayo wengi huiandika usiku wa mwisho. Sentensi ninayokutana nayo kuliko zote huwa hivi: "Kundi la kwanza lilikuwa na asilimia 46 na la pili asilimia 15, hivyo makundi haya yanatofautiana." Naipigia mstari kwa penseli, kisha naandika pembeni: "Waliohesabiwa wanatofautiana, sawa. Na wale ambao hukuwahesabu?"

Sampuli mbili karibu kila mara zitapishana. Chota viganja viwili vya mbegu kutoka gunia moja lenye mbegu nyeupe na nyekundu, uhesabu nyekundu katika kila kiganja. Ni nadra upate asilimia ileile, ingawa gunia ni moja. Kwa hiyo kuuliza kama asilimia zinatofautiana ni kupoteza muda, maana jibu unaliona kwa macho. Swali ni kama zimepishana kuliko ambavyo viganja viwili vya gunia moja huwa vinapishana. Jaribio zima ninaloeleza hapa, jaribio la z la kulinganisha uwiano wa makundi mawili, linajibu swali hilo tu, na wanaokwama kwenye fomula wengi wamekwama kwa sababu hawakulishika swali.

Nina mfano ninaoupenda kwa kuwa namba zake ni ndogo, ni za kweli, na zinaenea kwenye nusu karatasi. Katika miaka ya 1860 daktari mpasuaji Joseph Lister alikuwa akikata viungo vya wagonjwa hospitalini Glasgow. Zama hizo mtu aliweza kukiponea kisu akaja kufa kwa kidonda kuoza. Lister akaanza kutumia asidi ya kaboliki, dawa ya kuua vijidudu, kwenye vidonda na vifaa, na mwaka 1870 akachapisha hesabu yake. Kabla ya dawa walikatwa wagonjwa 35, wakafa 16. Baada ya dawa walikatwa 40, wakafa 6. Kinachonivutia ni kwamba mwenyewe alikiri humohumo kuwa namba hizo ni chache mno kwa ulinganisho wa kitakwimu wa kuridhisha. Alisema kwa uaminifu, ila chombo cha kupimia hakuwa nacho: kai mraba (chi-square), jaribio la mwanatakwimu Karl Pearson la kulinganisha hesabu za makundi, ilikuja mwaka 1900. Sisi tunacho, basi tumpimie.

Anza kwa kuchora jedwali la vyumba vinne. Usianze na asilimia, anza na vichwa vya watu.

Kabla ya dawa: walikufa 16, walinusurika 19, jumla 35.
Baada ya dawa: walikufa 6, walinusurika 34, jumla 40.
Wote pamoja: walikufa 22, walinusurika 53, jumla 75.

Sasa tulia hapo kidogo, maana makosa mabaya zaidi hutokea kabla hujashika kikokotoo. Kila mtu anatakiwa akae katika chumba kimoja tu, na mtu wa kundi la kwanza asiwe na uhusiano wowote na mtu wa kundi la pili. Hili nililijua kwa aibu. Nikiwa bado mpya kazini niliandika ripoti ya watu 60 waliohojiwa kabla ya mafunzo, na haohao wakahojiwa tena baadaye. Nikaweka 60 kundi la kwanza, 60 kundi la pili, nikakokotoa, namba ikatoka inang'aa. Mzee aliyekuwa akinisimamia akasoma mpaka mwisho, akavua miwani, akaniuliza taratibu: "Mwanangu, hawa watu ni sitini au ni mia na ishirini?" Sikuwa na la kusema. Data ya watu walewale waliopimwa mara mbili ina jaribio lake, la McNemar, ambalo huangalia wale tu waliobadili jibu. Njia ninayoeleza hapa ni ya makundi mawili tofauti kabisa. Mpaka leo, kabla ya yote, swali la yule mzee ndilo ninaloanza nalo.

Wagonjwa wa Lister wanapita: 35 ni watu wengine na 40 ni wengine.

Hatua inayofuata ni kuandika dai unalotaka kulijaribu, na uliandike kabla hujaangalia matokeo. Nadharia tete sifuri inasema uwezekano wa kufa ulikuwa uleule katika vipindi vyote viwili, na kwamba tofauti tunayoiona imeletwa na bahati. Nadharia tete mbadala inasema haukuwa uleule. Angalia kwamba sikusema "ulipungua". Kuna jaribio la upande mmoja, linaloangalia kupungua peke yake au kuongezeka peke yake, na linakupunguzia kwa nusu thamani ya p, yaani namba inayosema bahati peke yake ingeleta tofauti kubwa kiasi hicho mara ngapi. Watu wanalipenda kwa sababu hiyohiyo. Mimi nikiliona kwenye tasnifu, nauliza liliamuliwa lini, na mara nyingi napata jibu refu kupita kiasi. Tumia pande mbili, isipokuwa kama kweli upande wa pili haukuhusu hata kidogo.

Sasa nije kwenye kiini. Fomula nitaileta, ila kwanza nikuonyeshe ninachowafanyisha watu mezani, kwa sababu aliyewahi kukifanya hasahau tena. Kata vipande 75 vya karatasi vinavyolingana. Vipande 22 vitie alama ya msalaba. Hao ndio waliokufa. Vifunike, vichanganye vizuri, kisha hesabu vipande 35 uviweke kushoto na 40 vilivyobaki uviweke kulia. Geuza vya kushoto uhesabu misalaba.

Unafanya nini hapo? Unaigiza ulimwengu ambamo dawa haina kazi. Watu 22 walikuwa wa kufa tu, na kilichoamua wameangukia kipindi gani ni mchanganyiko wa karatasi. Katika ulimwengu huo kushoto unategemea misalaba 10 hivi. Mara ya mwisho nilirudia zoezi hili mara 50 na mwanafunzi mmoja aliyekuwa hataki kabisa kunielewa. Nyingi zilikuja 9, 10, 11, 12. Mara chache 7. Kubwa kuliko zote ilikuwa 14. Tulipofika ya arobaini akaweka karatasi chini, akasema, "Kumi na sita haiji, mwalimu." Nikamwambia inaweza kuja, ila itabidi tukae sana. Basi, yeye alikuwa ameshafanya jaribio. Fomula inachofanya ni kutupunguzia kazi ya kuchanganya karatasi.

Umeona kwamba tulichanganya wafu wote 22 katika rundo moja la 75? Hapo ndipo unapotoka uwiano wa pamoja, kitu kinachowatatiza watu kuliko vyote. Kama unadai makundi mawili ni gunia moja, huna sababu ya kukadiria mara mbili kilichomo ndani ya gunia. Changanya, ukadirie mara moja: 22 gawanya kwa 75, unapata 0.2933. Usichukue wastani wa zile asilimia za makundi mawili. Asilimia 45.7 na asilimia 15 wastani wake ni 30.4, na hiyo siyo 29.3, kwa sababu kundi la 40 lina uzito kuliko la 35. Makundi yakilingana ukubwa kosa hili halionekani, na ndiyo maana mtu anaweza kulibeba miaka mingi.

Haya, kikokotoo.

Uwiano wa kwanza ni 16 kwa 35, sawa na 0.4571. Uwiano wa pili ni 6 kwa 40, sawa na 0.1500. Tofauti yake ni 0.3071.

Kisha unatafuta kosa sanifu, yaani kipimo cha jinsi tofauti hiyo ingekuwa ikiyumba kama ungerudia kuchota tena na tena kutoka gunia moja. Chukua uwiano wa pamoja, uzidishe kwa kile kinachobaki hadi moja: 0.2933 mara 0.7067, unapata 0.2073. Tafuta moja gawanya kwa 35 ujumlishe na moja gawanya kwa 40: 0.0536. Zidisha hivyo viwili: 0.0111. Chukua kipeuo cha pili: 0.1054. Kwa maneno mengine, gunia likiwa moja, tofauti ya pointi 10 za asilimia juu au chini ni mambo ya kawaida kabisa kwa sampuli za ukubwa huu. Lister aliona pointi karibu 31.

Gawanya tofauti kwa kosa sanifu: 0.3071 kwa 0.1054. Alama z ni 2.91. Tofauti aliyoiona ni karibu mara tatu ya myumbo wa kawaida.

Ombi moja: usikatekate desimali njiani. Ukichukua 0.46, 0.15 na 0.29 halafu ukaendelea, utaishia 2.95. Hapa haibadilishi hukumu, lakini msahihishaji akirudia hesabu na asipate namba yako, ataanza kutilia shaka hata zile ulizopatia.

Kutoka alama z unakwenda kwenye jedwali la mkunjo wa kengele (mgawanyo wa kawaida), au kwenye programu, upate thamani ya p. Kwa 2.91 na pande zote mbili ni takribani 0.0036. Isomwe hivi: kama dawa haikuwa na kazi yoyote, tofauti kubwa kiasi hiki au zaidi, upande wowote ule, ingetokea takribani mara 36 katika kila mara 10,000. Isisomwe kuwa "kuna uwezekano wa asilimia 0.36 kwamba dawa haina kazi". Thamani ya p imekokotolewa kwa kuanza na sharti kwamba dawa haina kazi, kwa hiyo haiwezi tena kugeuka ikawa uwezekano wa sharti lenyewe. Hapa ndipo penseli yangu inapoisha.

Kama huna jedwali, kariri mipaka mitatu ya pande mbili: 1.645 kwa kiwango cha asilimia 10, 1.96 kwa asilimia 5, na 2.576 kwa asilimia 1. Ya Lister imevuka yote. Ile 0.05 wanayoishika wote ni mazoea tu, na aliyeyaeneza sana katika miaka ya 1920 ni mwanatakwimu Ronald Fisher. Hakuna ukuta wowote kati ya 0.049 na 0.051.

Njia hii ina sharti lake. Mkunjo wa kengele ni makadirio, na huwa mazuri pale tu vyumba vyote vinne vina watu wa kutosha. Kanuni ya kawaida ni kwamba kila chumba kiwe na idadi tarajiwa isiyopungua 5. Idadi tarajiwa siyo ile uliyoihesabu. Ni ile ambayo ingekuwepo kama gunia lingekuwa moja: 35 mara 0.2933 ni vifo 10.3, 40 mara 0.2933 ni vifo 11.7, na walionusurika ni 24.7 na 28.3. Tuko salama. Chumba kikishuka chini ya 5, achana na z uende kwenye jaribio halisi la Fisher, ambalo kimsingi ni zoezi letu la karatasi lililofanywa bila kukadiria: linahesabu kila namna ambayo vipande vingeweza kugawanyika. Programu yoyote ya takwimu inalo.

Mpaka hapa tumejua kwamba bahati peke yake haielezi vizuri tofauti hii. Hatujasema ni kubwa kiasi gani, na msomaji wako hilo ndilo analolitaka. Mpe masafa ya uhakika, yaani mpaka wa chini na wa juu ambamo tofauti ya kweli inakadiriwa kuwamo. Ila angalia mtego: kosa sanifu linabadilika. Ulipokuwa ukijaribu nadharia tete sifuri ulidai gunia ni moja, ndiyo maana ukachanganya. Sasa unakadiria umbali kati ya magunia mawili, kwa hiyo kila moja libaki na uwiano wake. Kwa la kwanza, 0.4571 mara 0.5429 gawanya kwa 35, unapata 0.00709. Kwa la pili, 0.15 mara 0.85 gawanya kwa 40, unapata 0.00319. Jumlisha, chukua kipeuo cha pili: 0.1014. Zidisha kwa 1.96 upate 0.199. Tofauti ya 0.307 toa na ongeza hiyo: kuanzia 0.108 hadi 0.506.

Yaani vifo vilipungua kwa pointi 11 hivi kwa uchache, na huenda hadi pointi 51. Ni masafa mapana kama mlango wa ghala. Hapa naona Lister alikuwa na hoja: namba zake zilitosha kukataa kwamba ni bahati, lakini hazikutosha kusema dawa ilisaidia kiasi gani.

Na kuna jambo ambalo z haiwezi kuligusa. Wagonjwa wa Lister hawakugawanywa kwa kura. Ni wa kabla na wa baada. Kati ya vipindi hivyo huenda wauguzi walibadilika, au majeraha, au idadi ya waliokatwa mguu ikilinganishwa na waliokatwa mkono, na kukatwa paja si sawa na kukatwa kiganja. Jaribio linakwambia siyo bahati, lakini halikwambii ni nini. Linganisha na jaribio la chanjo ya polio ya Jonas Salk lililofanyika Marekani mwaka 1954. Katika sehemu yake iliyofuata kura, watoto 200,745 walipata chanjo na 201,229 wakadungwa maji yasiyo na dawa, bila wao wala madaktari wao kujua nani kapata nini. Waliothibitika kuugua polio walikuwa 57 upande wa chanjo na 142 upande wa pili. Kwa asilimia hizo ni 0.028 na 0.071, vitu ambavyo mtu angevipuuza kwenye mchoro. Fanya hesabu ileile utapata z ya 6.01. Na kwa kuwa kura ndiyo iliyogawa, hapo unaweza kusema chanjo imefanya kazi, bila kung'ata maneno.

Mfano huo unaonyesha pia kwamba z haipimi ukubwa wa tofauti peke yake. Pointi 31 za Lister zina z ya 2.91, na pointi 0.04 za Salk zina z ya 6. Humo unaingia pia ukubwa wa sampuli. Kinyume chake ndicho kinachowaumiza wanafunzi wangu. Tuseme Lister angekuwa na nusu ya wagonjwa wake: wafu 8 kati ya 18, kisha 3 kati ya 20. Asilimia ni karibu zilezile, 44 na 15, lakini z inaanguka hadi 2.00 na thamani ya p inapanda hadi 0.046, inaning'inia ukingoni. Punguza zaidi na utatangaza "hakuna tofauti" kwa dawa ileile. Kwa hiyo ukikosa ushahidi, andika kwamba hukupata ushahidi wa kutosha, uonyeshe masafa ya uhakika yalivyo mapana. Usiandike kwamba makundi yako sawa. Hukupima usawa.

Kwa programu ni mstari mmoja. Kwenye R, programu ya takwimu, unaandika:

prop.test(c(16, 6), c(35, 40), correct = FALSE)

Itakupa kai mraba ya 8.495 badala ya z. Usishtuke: hiyo ni 2.9146 iliyozidishwa yenyewe kwa yenyewe, jaribio ni lilelile na thamani ya p ni ileile. Ukisahau lile neno la mwisho, programu itaweka sahihisho la Yates, marekebisho ya tahadhari kwa namba ndogo, bila kukuuliza, kai mraba ishuke hadi 7.08 na p ipande hadi 0.0078. Nimewahi kupokea barua pepe ya saa nane usiku kutoka kwa mtu aliyeamini kikokotoo chake kimeharibika kwa sababu hiyo tu. Chagua mojawapo, useme umechagua ipi.

Kwenye kuandika, sina subira na jambo moja: asilimia zisizo na idadi. Ukiniletea "asilimia 46 dhidi ya 15, p ndogo kuliko 0.05", siwezi kurudia chochote. Niletee vichwa vya watu, tofauti, masafa, alama na thamani ya p kamili, kisha useme makundi yalipatikanaje. Ya Lister ningeiandika hivi:

"Kabla ya asidi ya kaboliki walikufa wagonjwa 16 kati ya 35 (asilimia 45.7), na baada yake 6 kati ya 40 (asilimia 15.0). Tofauti ni pointi 30.7, masafa ya uhakika ya asilimia 95 yakiwa pointi 10.8 hadi 50.6; z = 2.91, p = 0.0036, pande mbili, bila sahihisho la Yates. Wagonjwa hawakugawanywa kwa kura."